Barua ya wazi kwa halmashauri yetu: tuacheni tupande choroko na mbaazi ndani ya alizeti

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: KUKATAZWA KUCHANGANYA ALIZETI NA MAZAO YA JAMII YA MIKUNDE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa alizeti, mama wa watoto wanne, na katibu wa kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Kanda ya Kati. Jina la wilaya sijaliandika, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ninyi mnajijua na sisi mnatujua. Sikusudii kumvunjia mtu heshima hadharani. Natafuta jibu ambalo nimelikosa kwa njia ya kawaida.

Njia ya kawaida tumeimaliza. Barua ya kwanza tuliifikisha masijala mwezi wa nne, baada ya tukio nitakalolieleza hapa chini, na nakala yetu iligongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili tuliileta baada ya mavuno. Nimefika ofisini kwenu mara tatu, na nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ni sawa na kibarua cha palizi cha siku mbili. Safari ya kwanza niliambiwa mhusika yuko semina. Safari ya pili faili lilikuwa linatafutwa. Safari ya tatu kijana mmoja alinionea huruma, akaniambia, "Mama, hili jambo liacheni tu, agizo limetoka juu." Nilimuuliza juu wapi. Hakujua.

Naomba nieleze kilichotokea, maana huenda hakikuwafikia kama kilivyokuwa.

Msimu uliopita kikundi chetu kilichukua mbegu ya alizeti kwa mkopo. Tuliifurahia, ilikuwa mbegu nzuri. Mimi nilipanda yangu nusu ekari kwa mchanganyiko: mistari miwili ya alizeti iliyokaribiana, kisha mistari miwili ya choroko, kisha alizeti tena. Wiki ya pili ya mwezi wa pili mvua ilikuwa imekatika kwa siku kumi na sita. Choroko ilikuwa imeanza kutoa maua na vitumba vya chini vimeshaanza kujaa. Siku hiyo alikuja afisa pamoja na mtendaji. Wakatazama, wakaandika, wakaniambia shamba la mbegu ya mkopo linatakiwa kuwa alizeti tupu; ama ning'oe choroko, ama kikundi kizima kiondolewe kwenye orodha ya msimu unaofuata. Wenzangu ni thelathini na wawili. Sikuweza kuwaponza kwa ajili ya nusu ekari yangu.

Niling'oa mwenyewe. Udongo ulikuwa mkavu juu lakini chini bado una unyevu kidogo, kwa hiyo mche ulitoka na mizizi yake. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vimeshikana kama shanga. Nilipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto mchanga. Wekundu ule ndio unaoonyesha kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi yao ya kukamata naitrojeni ya hewani na kuipa mmea. Kinundu kikiwa cheupe au kijani ndani, hakuna kazi inayofanyika. Mambo haya sikuyaokota barabarani. Nilifundishwa na mtaalamu wa kilimo kwenye shamba darasa, na mtaalamu yule alikuwa mtumishi wa Serikali hii hii. Nilisimama pale na ule mche mkononi, afisa akiwa hatua tano kutoka kwangu, nikamwonyesha. Aliniambia, "Mama, mimi natekeleza." Sina kinyongo naye. Ndiyo maana barua hii naiandika kwenu na si kwake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Agizo halina karatasi.

Tumeomba mara tatu tuonyeshwe waraka, sheria ndogo, au hata muhtasari wa kikao ulioamua kwamba mkulima wa mbegu ya mkopo asichanganye mazao. Hatujaonyeshwa. Fomu tuliyosaini wakati wa kuchukua mbegu inasema tutunze shamba na turudishe mkopo. Mkopo tumerudisha, wote thelathini na watatu. Haisemi popote kwamba choroko ni kosa.

2. Mvua yetu haitoshi kuwekea zao moja matumaini yote.

Hili ndilo kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Ukanda huu unapata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja tu. Zinaanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja au mwezi wa kumi na mbili, zinaisha mwezi wa nne. Katikati yake, mara nyingi mwezi wa pili, kuna kiangazi kidogo ambacho kila mzee hapa anakijua. Kikiikuta alizeti inatoa ua, kichwa kinatoka kikubwa kwa macho lakini katikati kina makapi. Kikiikuta ikiwa bado changa, inavumilia, kwa sababu mzizi wake mkuu unashuka chini sana kutafuta maji. Huwezi kujua mwaka gani kitaangukia wapi.

Choroko inakomaa kwa siku 60 hadi 75. Kunde unaanza kuchuma majani yake mboga mwezi mmoja tu baada ya kupanda. Alizeti inachukua zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo mazao haya mawili hayahitaji maji kwa wingi siku moja. Kiangazi kikipiga moja, kuna nafasi kwamba lingine limeshapita hatua ya hatari au halijaifikia. Hayo si maneno ya vitabuni kwetu. Bibi zetu walipanda kunde ndani ya mtama na uwele kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka uliotangulia, kabla sijaingia kwenye mkopo, nilijaribu kwa mbegu yangu. Nusu ekari nilipanda alizeti peke yake, sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina kama tunavyofundishwa. Nusu ekari ya pembeni nilisogeza mistari ya alizeti ikawa pachapacha, hapo katikati pakapatikana nafasi ya mistari miwili ya choroko. Choroko niliipanda siku moja na alizeti, maana ukiichelewesha inafunikwa na kivuli na haizai. Siku ya kupiga alizeti tulitandika maturubai mawili, kila nusu ekari na turubai lake. Mama mkwe wangu alikaa katikati na fimbo yake, akahakikisha hakuna anayechanganya.

Alizeti tupu ilitoa madebe 28. Alizeti ya mchanganyiko ilitoa madebe 24. Nilipungukiwa madebe 4 ya alizeti, sikatai. Lakini choroko nilikuwa nimeshavuna madebe 3, tangu mwezi wa tatu. Kwa bei ya soko letu mwaka ule, debe moja la choroko lilitosha kufidia yale madebe 4, na mawili yakabaki kuwa faida. Moja tulikula. Jingine lilikwenda kwenye sare za shule.

Wataalamu wana njia ya kupima jambo hili, na nilielekezwa kuifanya. Unachukua mavuno ya kila zao ndani ya mchanganyiko, unagawa kwa mavuno ya zao hilo likiwa peke yake, halafu unajumlisha. Ukipata zaidi ya 1, ardhi imefaidika. Alizeti, 24 kwa 28, ni 0.86. Choroko nililinganisha na shamba la shemeji yangu tunayepakana naye. Yeye alipanda nusu ekari ya choroko tupu akapata madebe 7, kwa hiyo 3 kwa 7 ni 0.43. Jumla 1.29. Maana yake ni kwamba mavuno ya ekari moja ya mchanganyiko kama ule, kwa kulima kimoja kimoja yangehitaji ekari moja na robo na zaidi. Najua ni shamba moja na msimu mmoja. Sikuliita utafiti. Nililiita sababu ya kuwaomba mje mpime wenyewe, na barua yetu ya kwanza ilisema hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume kwenye vikao hawalisemi, nalisema mimi. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu ni miezi ya njaa kwetu. Ghala limeisha, mahindi sokoni yamepanda bei, na kazi ya palizi ndiyo kwanza imepamba moto. Alizeti haikusaidii mwezi wa pili. Haipikwi. Kunde na choroko ndizo zinazotuvusha mpaka mavuno. Tena fedha ya alizeti ikija, inakuja mara moja, gunia zinapakiwa kwenye gari, na katika nyumba nyingi mama haulizwi. Choroko ya debe mbili tatu ndiyo iliyo mkononi mwa mama. Mnapoamuru ing'olewe, mjue mnaing'oa kwenye mkono wa nani.

Na Kongwa haiko mbali na hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wao mkubwa wa karanga, kwa sababu baada ya vita nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Walifyeka vichaka kwa matrekta, wakapanda karanga na baadaye alizeti, shamba la zao moja hadi mwisho wa macho. Mvua haikufuata mipango iliyoandikwa London. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji, karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sisemi kwamba mpango wenu ni kama ule. Nasema ardhi ni ile ile na mvua ni ile ile, na uhaba wa mafuta unaotusukuma leo unafanana na uliowasukuma wao.

3. Alizeti juu ya alizeti inachosha udongo.

Mashamba yetu mengi ni kichanga. Alizeti inavuta sana chakula cha udongo, na wengi wetu hatuiwekei mbolea. Mbolea ya ruzuku ikipatikana inakwenda kwenye mahindi. Mwaka wa tatu wa alizeti mfululizo, mabua yanakuwa membamba kama fimbo ya mchunga mbuzi.

Mikunde inasaidia, lakini nisiseme zaidi ya ukweli. Choroko na kunde ukivuna maganda, sehemu kubwa ya naitrojeni inaondoka na punje. Faida ya udongo inabaki kama utakata shina chini na kuacha mizizi ardhini, na majani ukayaacha yaoze shambani. Ukizing'oa zote, kama nilivyolazimishwa, umepeleka mbolea yako kwenye rundo la magugu. Mbaazi ndiyo yenye ukarimu kuliko zote, kwa kuwa inapukutisha majani mengi wakati bado imesimama, na mizizi yake inashuka chini na kulegeza tabaka gumu ambalo plau ya ng'ombe haifiki.

Mwaka 2022 maafisa ugani nchini walikabidhiwa pikipiki na vifaa vya kupima udongo. Tulishangilia, nakumbuka. Tunaomba hivyo vifaa vifike mashambani, mpime shamba la alizeti tupu la miaka mitatu na shamba lililopita mikunde, mtuambie mlichokiona.

4. Mbaazi tungeipenda zaidi, lakini inaliwa na mifugo.

Hapa kosa si lenu peke yenu, ni letu sote, na suluhisho lake liko kwenye meza ya Baraza la Madiwani.

Mbaazi inafaa kukaa na alizeti kuliko hata choroko. Miezi miwili ya mwanzo inakua polepole, haishindani na mtu. Alizeti inapovunwa mwezi wa tano, mbaazi ndiyo kwanza inapata nafasi, inaishi kwa unyevu uliobaki chini. Kwa hiyo alizeti haipungui sana, na unaongeza zao zima ambalo halikuomba mvua mpya. Mbaazi za kienyeji zinachukua hadi miezi minane au tisa. Lakini zipo mbegu zilizoboreshwa, kama Tumia, ambazo hukomaa mapema zaidi.

Tatizo ni desturi yetu. Alizeti na mtama vikishavunwa, mashamba yote yanakuwa malisho. Mwezi wa sita ng'ombe na mbuzi wanaachiwa popote. Aliyeacha mbaazi shambani anaamka asubuhi anakuta vijiti. Mwaka juzi mwanakikundi mmoja, mjane, alipoteza robo tatu ya ekari ya mbaazi iliyokuwa imeshaweka vitumba, kwa usiku mmoja. Mwenye ng'ombe ni jirani yake, tena ni mtu mwema. Akamwambia, "Dada, sikujua kama bado kuna mazao." Na ni kweli, hakujua. Nani alimwambia?

Sisi wenyewe ni wafugaji pia. Hatutaki sheria ya kuwafukuza watu na mifugo yao. Tunataka kijiji kikubaliane kitalu fulani kinafungwa kwa mifugo mpaka tarehe fulani, tuseme mwisho wa mwezi wa nane, na halmashauri ipitishe sheria ndogo ili makubaliano hayo yawe na nguvu. Hilo kijiji peke yake hakiliwezi. Tulilipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likapita kwa kunyoosha mikono, muhtasari ukaja kwenu. Mpaka leo umekaa huko.

5. Getini choroko inatambuliwa.

Gari linalobeba choroko likipita kwenye geti la ushuru, choroko inahesabiwa, ushuru unatozwa, stakabadhi inatolewa. Basi ni zao. Ni zao la wilaya hii, lina mchango kwenye mapato yenu. Haiwezekani likawa zao getini na likawa gugu shambani.

Najua majibu mtakayotupa, maana mengine tumeshayasikia kwa mdomo. Niyajibu hapa ili tusipoteze msimu mwingine.

Mtasema nchi inahitaji mafuta. Ni kweli kabisa, na mimi ni wa kwanza kutaka. Mafuta ya kula yanayoagizwa nje bado ni mengi, na mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkakati wa alizeti. Tuliitikia. Lakini alizeti ya taifa inatoka kwa mkulima anayerudi shambani mwaka unaofuata. Mwaka 2023 bei ilipoanguka, gunia likauzwa karibu na nusu ya bei ya mwaka uliotangulia, na mimi naijua familia iliyoapa kutopanda alizeti tena na ikatimiza kiapo. Waliokuwa na choroko pembeni walinung'unika, wakapanda tena. Hata mikunde ina siku zake mbaya, sitaki kuwaficha. Mwezi wa nane mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inayoingia kwao, na hapa bei ikaporomoka mpaka wengine wakaiacha shambani. Mwaka ule kilichowaokoa watu ni mazao mengine. Ndiyo hesabu yetu ilivyo: bei ya kimoja ikivunjika, kingine kibaki kimesimama.

Mtasema mchanganyiko unavuruga takwimu, kwamba mkubwa akiuliza ekari za alizeti hamtajua mwandike nini. Andikeni ekari za alizeti na mikunde, safu moja mpya kwenye fomu. Tutawasaidia kuhesabu.

Mtasema wadudu. Hapo mna hoja. Funza wa vitumba anakula kichwa cha alizeti, anakula pia vitumba vya choroko na mbaazi, na akizaliana kwenye kimoja anaweza kuhamia kingine. Sisi wenyewe tumemwona. Lakini dawa yake ni elimu ya kukagua shamba mapema na kupulizia panapostahili tu, tena jioni, kwa sababu asubuhi nyuki wako kwenye alizeti. Bila nyuki alizeti haijai vizuri. Choroko na kunde zikitoa maua mapema zinawaita nyuki shambani kabla alizeti haijafunguka, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Hiyo ni kazi ya afisa ugani: aje atuelekeze, tumsikilize. Kung'oa hakumwondoi funza.

Mtasema trekta na mashine haziwezi kupita kwenye mchanganyiko. Katika kijiji chetu tunalima kwa plau ya ng'ombe na jembe la mkono, na tunavuna kwa mikono. Siku mashine itakapofika, mistari yetu imenyooka. Tutaipanga upya kulingana nayo.

Na mtasema bajeti. Tunachoomba kwa sehemu kubwa hakina gharama.

Tunaomba kwanza agizo la alizeti tupu lifutwe kwa maandishi, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote zinazogawiwa mbegu, kabla mbegu ya msimu ujao haijatoka mwezi wa kumi. Mnaweza kuweka masharti, hatukatai: kwamba alizeti ibaki zao kuu, kwamba mistari ifuatwe, kwamba mkulima asitupe mbegu kiholela akaita ni mchanganyiko. Kunde za kutambaa, kwa mfano, tunajua zinapanda kwenye bua la alizeti na kulilaza. Wekeni katazo hapo, tutalifuata.

Tunaomba shamba darasa moja kila kata, nusu alizeti tupu na nusu mchanganyiko, lipimwe mbele yetu kwa mizani na wataalamu, kwa misimu mitatu mfululizo ili tuone mwaka mzuri na mwaka mbaya. Ardhi tutatoa sisi. Nguvu kazi tutatoa sisi. Mwalikeni mtafiti kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora au cha Ilonga. Tukigundua mchanganyiko hautufai, tutakuwa wa kwanza kuuacha, kwa sababu hasara inaingia jikoni kwetu kabla haijaingia kwenye taarifa zenu.

Tunaomba mbegu ya mikunde. Choroko tunayopanda tunainunua sokoni, imechanganyika, nyingine inakomaa mapema na nyingine inachelewa, ukichuma leo unarudi kesho na kesho kutwa. Kikundi chetu kiko tayari kufundishwa kuzalisha mbegu za Daraja la Kuazimiwa Ubora za choroko na mbaazi, tukaguliwe na wakaguzi wa mbegu, tuwauzie wenzetu hapa hapa. Tumeshatenga ekari mbili.

Na tunaomba ule muhtasari wa mkutano wa kijiji kuhusu vitalu na mifugo upelekwe kwenye kikao kijacho cha Baraza la Madiwani. Diwani wetu ameahidi kuusimamia. Anachosubiri ni uwekwe kwenye ajenda.

Mwisho, kuhusu mimi. Nimeshaambiwa na watu wema kwamba barua kama hii inaweza kunigharimu, jina la kikundi likakatwa. Nimewaeleza wenzangu wote thelathini na wawili, tumekaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji jioni mbili, na wamesema niandike. Kama kuna adhabu, msimwadhibu yule afisa aliyekuja shambani kwangu, wala mtendaji, wala kijana wa ofisini aliyenihurumia. Niiteni mimi.

Nusu ekari ile nimeiacha kama ilivyokuwa. Msimu huu nitaipanda tena, mistari miwili kwa miwili. Mvua ya kwanza kwa kawaida inatukuta mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Tunaomba jibu kabla haijanyesha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama mkulima, Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wanakikundi 33.

Nakala:
Afisa Kilimo wa Wilaya
Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Kijiji
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji